Panthers na Oilers, fainali mbili mfululizo (2024 na 2025): McDavid yupo, kombe linabaki Florida. Shida iko wapi?

Mshika_Kipenga:

Wadau wa hoki ya barafuni, naomba ufafanuzi wa kiufundi. Ushabiki tuuweke pembeni kidogo.

Fainali ya Stanley Cup (kombe la NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini) 2024: Florida Panthers 4, Edmonton Oilers 3. Mwaka 2025, timu zilezile: Panthers 4, Oilers 2. Mara zote mbili Oilers wana Connor McDavid na Leon Draisaitl. Tena 2024 McDavid alipewa Conn Smythe, tuzo ya mchezaji bora wa hatua nzima ya mtoano, akiwa upande ulioshindwa. Alimaliza na pointi 42 katika mechi 25, yaani mabao 8 na pasi za mabao 34. Kwenye soka mtu wa hivyo angeibeba timu peke yake mpaka mwisho.

Ninachotaka kuelewa:

Kwanza, watangazaji wanasisitiza kwamba mwenyeji ana haki ya kubadilisha wachezaji wa mwisho. Ni jambo kubwa kiasi gani, au ni maneno ya kujaza muda?

Pili, kwa nini kipindi cha pili kinatajwa kama kitu tofauti na cha kwanza na cha tatu, wakati vyote ni dakika 20?

Tatu, kumtoa kipa na kuacha goli tupu. Naona bao la kusawazisha linapatikana siku moja, siku nyingine timu inafungwa mawili ya bure. Kocha anapiga hesabu gani?

Nne, rufaa ya video. Kama ipo, kwa nini kocha asikate rufaa kila anapofungwa?

Mnaojua karibuni.

---

Safu_ya_Tatu:

Mkuu, naanza na swali la kwanza kwa sababu limebeba nusu ya majibu mengine.

Tofauti na soka, hapa nyota hachezi mechi nzima. Timu inavalisha watu 20: wachezaji 18 wa barafuni na makipa 2. Barafuni wanakuwa watano na kipa. Washambuliaji 12 wanagawanywa safu nne za watu watatu, mabeki sita wanakuwa jozi tatu. Zamu moja ni sekunde 40 hadi 50, halafu unatoka kupumua. McDavid, pamoja na ubora wake wote, anacheza kama dakika 22 hadi 25 kati ya 60. Zinazobaki zinachezwa na wenzake. Weka hilo kichwani halafu endelea kusoma.

Sasa mabadiliko ya mwisho. Filimbi ikilia na mchezo ukasimama, utaratibu wa NHL uko hivi: mgeni anapewa sekunde 5 kuweka watu wake barafuni. Zikiisha, mwamuzi anainua mkono, maana yake mgeni amefungiwa. Mkono ukiwa bado juu, mwenyeji anapewa sekunde 8 za kubadilisha, huku tayari amewaona walioingizwa na mgeni. Mkono ukishuka, paki (kile kisahani cha mpira kinachochezewa) inadondoshwa. Kwa hiyo kocha wa nyumbani anachagua nani amkabe nani, kila mchezo unaposimama.

Paul Maurice wa Panthers anaitumia haki hiyo bila huruma. Oilers wakimwingiza McDavid, anaingia Aleksander Barkov, mshambuliaji wa kati mrefu, mwenye gongo refu na akili ya beki. Kazi yake ya kwanza si kumpora paki. Ni kumwondolea mwendo. McDavid akipokea paki akiwa tayari kwenye kasi, hakuna beki duniani anayegeuka kwa wakati. Akiipokea amesimama, karibu na ukuta, anakabika. Barkov anasimama kwenye njia ya pasi inayomlisha katikati ya uwanja, na mabeki wanakaa kwenye mstari wa bluu, unaotenga eneo lao na katikati ya uwanja, badala ya kurudi nyuma kwa woga.

Dawa ya mgeni ni kubadilisha mchezo ukiwa unaendelea. Anaanza na safu ya pili, sekunde 10 baadaye inatoka na McDavid anaruka ukuta. Inawezekana, ila ina gharama zake. Anayetoka lazima awe ndani ya futi 5 za benchi, kama mita moja na nusu, kabla mwenzake hajaanza kushiriki mchezo. Ukikosea ni adhabu ya dakika 2 kwa kuzidisha watu: mmoja anakaa kibandani, timu inacheza pungufu. Pia kila unapobadilisha kwa hila unapoteza sekunde tano za mpangilio, na Panthers ni timu inayozisubiri hizo sekunde tano.

Nani anakuwa mwenyeji? Fainali ni ya kufikisha ushindi 4 kati ya mechi 7, kwa mpangilio wa 2-2-1-1-1. Mwenye pointi nyingi za msimu wa mechi 82 anapata mechi ya 1, 2, 5 na 7. Mwaka 2024 Panthers walikuwa na 110, Oilers 104. Mwaka 2025 ilikuwa Oilers 101, Panthers 98.

Na hapo ndipo hoja ya watangazaji inapoyumba: 2025 Panthers walikwenda Edmonton wakashinda mechi ya 2 na ya 5. Mabadiliko ya mwisho yalikuwa ya Oilers! Nitarudi kwenye hilo, nimwachie mwingine kipindi cha pili.

---

Mstari_wa_Bluu:

Kipindi cha pili nakichukua mimi.

Mabenchi hayahami, timu ndizo zinazobadilishana magoli kila kipindi. Kipindi cha kwanza na cha tatu, benchi lako liko upande wa goli unalolilinda. Beki aliyechoka anatoka kwa hatua chache tu. Kipindi cha pili benchi lako liko upande unaoshambulia, na beki aliyebanwa kwenye eneo lake ana safari ndefu mpaka kulifikia. Uwanja wa NHL una urefu wa futi 200, karibu mita 61, na upana futi 85, karibu mita 26. Kwa mtu ambaye mapaja yameshaanza kuwaka moto, umbali huo si mchezo.

Timu inaingiza paki kwenye eneo lako, inaizungusha pembeni, nyinyi watano mmekaa barafuni dakika nzima, kisha dakika na sekunde ishirini. Kubadilishana mnashindwa, kwa sababu mkikimbilia benchi mnaacha goli wazi. Wapinzani wako karibu na benchi lao, kwa hiyo wao wanabadilishana mmojammoja bila kuachia paki. Sasa safu yenye pumzi inashambulia safu iliyochoka, na bao linanukia.

Mnaweza kuokoa kwa kuipiga paki mbali? Hapo kuna mtego wa aisingi. Ukiipiga kutoka upande wako wa mstari mwekundu wa katikati ikavuka mstari wa goli la wapinzani bila kuguswa, na beki wao anaongoza mbio kufika kwenye usawa wa madoa ya kuanzishia mchezo, filimbi inalia. Paki inarudi kudondoshwa kwenye eneo lako, na timu yako hairuhusiwi kubadilisha hata mtu mmoja. Wapinzani wanaleta watu wapya, na tangu msimu wa 2019-20 wao ndio wanachagua idondoshwe duara la kulia au la kushoto. Watachagua upande unaomfaa mpigaji wao. Kocha akishatumia mapumziko yake ya sekunde 30, ambayo ni moja tu kwa mechi, hana pa kukimbilia. Na ukishapiga aisingi, hata hayo mapumziko huruhusiwi kuyaomba muda huo.

Kinachotakiwa ni kuipiga paki mpaka eneo la katikati tu, ipite mstari wako wa bluu, mtu auvuke mstari mwekundu nayo kisha aisukume ndani. Rahisi kusema. Panthers wanaweka mtu mmoja au wawili wa kumbana beki nyuma ya goli lake, na winga anashuka ukutani kuziba njia ya kutokea. Beki ana kama sekunde moja ya kuamua huku anasikia mtu anakuja kumgonga. Wengi wanaipiga tu. Inakuwa aisingi, au inatua kwenye gongo la Mpanther kwenye mstari wa bluu.

Nyongeza ndogo: kipindi cha kwanza cha muda wa nyongeza nacho kina benchi la mbali, maana ni kipindi cha nne. Hatua ya mtoano hakuna watatu kwa watatu wala mikwaju ya penalti kama msimu wa kawaida. Ni vipindi kamili vya dakika 20, watano kwa watano, anayefunga kwanza mechi imekwisha. Fainali ya 2025 ilikuwa na mechi tatu za namna hiyo: ya 1, ya 2 na ya 4.

---

Kipa_wa_Akiba:

Nimesoma yote mawili, na nakubali. Lakini mbona mnakwepa makipa? Tuseme ukweli: mechi ya 1 ya 2024 Oilers walipiga mashuti 32 na kipa wa Panthers, Sergei Bobrovsky, akaokoa yote 32, matokeo 3-0. Angalia mwendo wa mchezo siku ile, Oilers hawakustahili kufungwa tatu. Mwaka 2025, kipa wa Oilers, Stuart Skinner, alitolewa mechi ya 3 iliyoisha 6-1, akatolewa tena mechi ya 4 baada ya kipindi cha kwanza, timu ikiwa nyuma 3-0. Calvin Pickard akaingia na Oilers wakageuza kuwa 5-4 katika muda wa nyongeza. Mechi ya 5 akaanza Pickard, wakalala 5-2. Ya 6 akarudi Skinner, wakalala 5-1. Timu inayobadilisha kipa katikati ya fainali ina tatizo la kipa, tusizunguke.

Swali la tatu, kumtoa kipa.

Hesabu ni hii: ukiwa nyuma kwa bao moja na dakika mbili zimebaki, kupoteza kwa moja au kwa matatu ni kulekule. Hakuna tofauti ya mabao inayohesabiwa kwenye fainali. Kwa hiyo unabadilisha kipa kwa mshambuliaji wa sita. Uwezekano wa kufunga unapanda, wa kufungwa unapanda zaidi, lakini huo wa pili haukugharimu kitu ambacho hukuwa tayari umekipoteza.

Namna ya kufanya:

Subiri mpaka timu yako imeimiliki paki na iko salama kuvuka mstari wa bluu wa wapinzani, au paki inadondoshwa kwenye eneo lao. Kipa anamwangalia kocha, akiona ishara anakimbia moja kwa moja benchini. Wa sita anasubiri mguu juu ya ukuta. Akitangulia kabla kipa hajafika karibu na benchi, mwamuzi anasimamisha mchezo na paki inakwenda kudondoshwa katikati ya uwanja. Si adhabu, ila umepoteza shambulizi.

Wakiwa ndani, mmoja anasimama mbele ya kipa wa wapinzani kumziba macho, mmoja pembeni ya goli, wawili kwenye mstari wa bluu, wawili kwenye maduara.

Kosa la kawaida ni kupiga shuti kutoka mbali likazuiwa na mguu wa mtu. Paki iliyozuiwa inarukia nje, na nje hakuna mtu. Kosa la pili ni beki wa mwisho kujaribu kuikamata paki iliyokuwa inatoka ukutani, akaikosa kwa inchi chache.

Ikifanya kazi, ni tamu. Mechi ya 2 ya 2025, Corey Perry wa Oilers alisawazisha kuwa 4-4 zikiwa zimebaki sekunde 17.8. Mechi ya 4, Sam Reinhart wa Panthers akawafanyia Oilers jambo lilelile kwa upande wa pili, sekunde 19.5 zikibaki. Cha kuchekesha, katika mechi zote mbili timu iliyosawazisha dakika ya mwisho ndiyo iliyolala: Brad Marchand wa Panthers akaimaliza ya 2 dakika 8:05 ya muda wa pili wa nyongeza, na Draisaitl akaimaliza ya 4.

Ikishindikana unapata mechi ya 6 ya 2025. Oilers walimtoa kipa mapema, zaidi ya dakika 5 zikiwa bado, wakiwa nyuma 3-0. Reinhart akaweka mawili kwenye goli tupu, akafikisha manne usiku huo. Mtu wa mwisho kufunga manne kwenye mechi ya fainali kabla yake alikuwa Maurice Richard mwaka 1957. Mtu akisoma matokeo tu atadhani Oilers walikanyagwa 5-1 mwanzo mwisho. Vilevile 5-1 ya mechi ya 6 ya 2024, ambayo Oilers walishinda: mawili ya mwisho yalikuwa ya goli tupu.

---

Mshika_Kipenga:

Aisee, darasa tupu. Safu_ya_Tatu, uliahidi kurudi kwenye Panthers kushinda ugenini. Na unamjibu nini Kipa_wa_Akiba? Mimi naona ana hoja.

---

Safu_ya_Tatu:

Ana hoja nusu. Kipa anafungwa kulingana na mashuti anayopigiwa. Paki yenye uzito wa gramu 156 hadi 170, imegandishwa kabla ya mechi ili isidunde, ikipigwa kutoka mbali huku kipa anaiona, itadakwa. Ikipigwa kutoka mita nne baada ya pasi ya kukatiza mbele ya goli, hata Bobrovsky ni bahati nasibu. Skinner alikuwa anapigiwa za aina ya pili nyingi mno: mtu peke yake amekimbia na paki, au mtu ameachwa mbele ya goli. Marchand mechi ya 2 alifunga mawili kwa kukimbia peke yake, moja kati ya hayo Panthers wakiwa pungufu kwa mtu mmoja! Hapo unamlaumu kipa? Mlaumu aliyepoteza paki kwenye mstari wa bluu.

Sasa ugenini. Siri ya Panthers 2025 ilikuwa safu ya tatu: Anton Lundell katikati, Eetu Luostarinen na Marchand pembeni. (Ndiyo, jina langu la humu linatoka huko.) Timu nyingi zikiwa ugenini zinahangaika kumtafutia McDavid mkabaji. Panthers walikuwa na safu tatu zote zinazoweza kusimama mbele yake zisiumbuke. Kwa hiyo mabadiliko ya mwisho ya kocha wa Oilers, Kris Knoblauch, hayakumpa kitu. Akimkwepesha McDavid kwa Barkov, anamkuta Lundell. Akimkwepesha Lundell, anamkuta Sam Bennett anayemgonga kila mtu. Bennett huyo alimaliza mtoano na mabao 15 na kuchukua Conn Smythe ya 2025.

Knoblauch naye mara nyingi aliwaweka McDavid na Draisaitl safu moja. Inatisha machoni. Lakini ukiweka nyama yote kwenye sufuria moja, sufuria nyingine zinabaki na maji. Dakika ambazo hao wawili wako benchini, Panthers walikuwa wanapumua na kushambulia. Wakati huohuo Oilers walimkosa Zach Hyman, aliyeumia mkono kwenye fainali ya kanda ya magharibi dhidi ya Dallas. Mwaka 2024 Hyman alifunga mabao 16 kwenye mtoano, mengi akiwa amesimama palepale mbele ya kipa. Kazi yake haionekani kwenye picha za marudio: anakula magongo ya mgongoni, anamziba kipa macho, paki ikidondoka anaisukuma. Bila yeye, pasi za McDavid zilikuwa zinapita mbele ya goli bila mmaliziaji.

Kitu cha mwisho, adhabu. Mwaka 2024 Oilers walikuwa hatari wakiwa pungufu. Kwenye mtoano mzima walizima nafasi za wapinzani zaidi ya tisa katika kila kumi. Mwaka 2025 ukuta huo ulibomoka. Mechi ya 3 pekee waliwapa Panthers nafasi 11 za kuwa na mtu zaidi, wakafungwa 3. Huwezi kwenda Sunrise, nyumbani kwa Panthers, ukajiweka kwenye kibanda cha adhabu usiku mzima, halafu ukashangaa 6-1. Na adhabu zina madhara mengine yasiyohesabika: Draisaitl na McDavid hawatumiki sana kuzuia wakati timu iko pungufu, kwa hiyo wanakaa benchini miguu inapoa.

---

Gongo_la_Kushoto:

Naona swali la nne limeachwa, nalidaka.

Kwenye fainali hizi mbili, kocha aliweza kukata rufaa ya video kwa mambo matatu tu: bao lililotokana na kuotea, bao ambalo kipa aliingiliwa, na bao lililotanguliwa na kosa ambalo lilipaswa kusimamisha mchezo, mfano pasi ya mkono au paki iliyogonga wavu wa juu ikarudi. Ukikosea unalipa: adhabu ya dakika 2. Ukikosea tena mechi hiyohiyo, dakika 4.

Fainali hizi mbili zina mifano miwili mizuri kuliko maelezo yoyote.

Mechi ya 6 ya 2024. Adam Henrique anafunga sekunde 46 tangu kipindi cha pili kuanza, Oilers 2-0. Sekunde 10 baadaye Barkov anajibu, uwanja unanyamaza. Benchi la Oilers linaangalia picha: Reinhart aliuvuka mstari wa bluu kabla ya paki, kwa kiasi kidogo mno. Rufaa, bao linafutwa, mechi inabaki 2-0 badala ya 2-1. Kumbuka kanuni: kinachoangaliwa ni viatu vya mchezaji dhidi ya paki. Viatu vyote viwili vikishavuka mstari kabla paki haijavuka kabisa, ameotea. Kuotea ni jambo la kupima, picha inasema ndiyo au hapana, kwa hiyo makocha wanakata rufaa kwa kujiamini.

Mechi ya 1 ya 2025. Bennett anasawazisha huku anaanguka juu ya Skinner. Knoblauch anakata rufaa ya kuingiliwa kwa kipa. Waamuzi wanasema bao ni halali, Bennett alimwangukia kipa kwa sababu ya mchezaji wa Oilers. Oilers wanapata adhabu, na Marchand anafunga wakati wa adhabu hiyo. Kwa rufaa moja, 1-1 ikageuka 2-1. Kuingiliwa kwa kipa ni suala la tafsiri: nani alimgusa nani kwanza, mshambuliaji alisukumwa au alijiangusha, kipa alipata muda wa kurudi mahali pake? Ndiyo maana kanuni ya kawaida ya watu wa video ni kwamba usiende huko kama mlinzi wako mwenyewe kamgusa mshambuliaji.

Mechi hiyohiyo iliisha kwa adhabu nyingine ambayo wageni wa mchezo huiona ya ajabu. Tomas Nosek wa Panthers alikuwa anaokoa kwenye eneo lake, paki ikaruka moja kwa moja juu ya kioo ikaenda kwa watazamaji. Hiyo ni dakika 2 bila mjadala, hata kama hakukusudia. Dakika 19:29 ya muda wa nyongeza, Draisaitl akafunga, kwisha habari. Ingegonga kioo kwanza kabla ya kutoka, hakuna adhabu. Ingerukia sehemu ya benchi ambako hakuna kioo, hakuna adhabu. Sheria hii inawauma zaidi timu zilizochoka, kwa sababu mtu aliyechoka anainua paki badala ya kuilaza.

---

Mshika_Kipenga:

Sasa nimepata mwanga. Swali la mwisho kabisa: nikiirudia mechi ya 7 ya 2024, iliyoisha 2-1, nielekeze macho wapi badala ya kufuata paki tu?

---

Mstari_wa_Bluu:

Chaguo zuri, ile haina mabao mengi ya kukupoteza.

Dakika 4:27, Carter Verhaeghe wa Panthers anafunga kwa kubadilisha mwelekeo wa paki iliyotoka pembeni. Dakika 6:44, Mattias Janmark wa Oilers anasawazisha akiwa amekimbia peke yake. Bao hilo lirudie, lakini usimwangalie Janmark, angalia mabeki wa Panthers walivyosimama kabla ya pasi ya Cody Ceci. Walikuwa wamejinyoosha mno kwenye eneo la Oilers, na pasi moja ndefu ikawapita wote.

Kisha kaa na kipindi cha pili. Kila mchezo ukisimama, hesabu nani anaruka ukuta. Mechi ilikuwa Sunrise, kwa hiyo mwamuzi akiinua mkono utamwona Maurice anasubiri, anasubiri, halafu Barkov anaingia. Weka saa ya simu pembeni upime zamu. Ikipita dakika moja kwa watu walewale kwenye eneo lao, jiandae, kuna kitu kinakuja. Bao la ushindi la Reinhart lilikuja 15:11 ya kipindi hicho, na dakika chache tu kabla Panthers ndio walikuwa wamebanwa, paki inazunguka mbele ya Bobrovsky. Ikatoka, Verhaeghe akaipeleka upande wa pili, Reinhart akapiga kutoka duara la kulia.

Kipindi cha tatu utaona Panthers hawafuati tena paki kwa watu wawili. Anabaki mmoja wa kusumbua, wanne wanapanga ukuta katikati ya uwanja, na kila paki wanayoipata wanaivusha mstari mwekundu kwanza kabla ya kuisukuma mbele, ili aisingi isiwaumize.

---

Kipa_wa_Akiba:

Nyongeza kwa Mshika_Kipenga, maana ulianza na Conn Smythe. Pointi za McDavid hazikuja kwa usawa. Mechi ya 4 na ya 5 za 2024 alipata nne nne, hakuna aliyewahi kufanya hivyo mechi mbili mfululizo kwenye fainali. Mechi ya 6 na ya 7 hakupata hata moja. Ya 6 walishinda bila pointi yake, ya 7 wakakwama. Tuzo inahesabu raundi zote nne, ndiyo maana aliipata. Kabla yake, aliyewahi kuichukua akiwa upande ulioshindwa bila kuwa kipa ni Reggie Leach wa Philadelphia peke yake, 1976.

Na kurudi kutoka 0-3 kwenye fainali ni Toronto Maple Leafs tu waliowahi kumaliza kazi, dhidi ya Detroit mwaka 1942. Oilers walifika mpaka 3-3.

---

Mshika_Kipenga:

Nimeelewa. Kumbe hata 2024 nilikuwa naangalia mtu mmoja kati ya 18. Gongo_la_Kushoto, dogo moja: timu ikiwa pungufu naona wanaipiga paki mbali mpaka mwisho wa uwanja na filimbi hailii. Aisingi haiwahusu?

---

Gongo_la_Kushoto:

Haiwahusu, mkuu. Aliye pungufu kwa adhabu anaruhusiwa kuipiga mbali apendavyo, na anaruhusiwa kubadilisha watu. Ila hakikisha adhabu bado inaendelea. Ikiisha sekunde moja kabla paki haijatoka kwenye gongo lako, aisingi inahesabiwa kama kawaida, na wale wanne waliochoka wanabaki barafuni, wa tano ndiyo kwanza anatoka kibandani.